Nati Nne

...aliukata uzi kwa meno, hilo ndilo, uzi mweusi wa kushonea magunia, aliuvuta mara ya mwisho kwenye turubai la gari, akainama, akaukata kwa meno ya pembeni, akasema huku kipande cha uzi kimebanwa mdomoni kwamba sasa mvua itaingia kwa adabu, kwa tundu moja badala ya matatu, na Bartholomew Ofumbi, ambaye wakati huo alikuwa akifuta kioo cha mbele kwa gazeti lililoloweshwa, alicheka bila kuinua kichwa, na hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea kati yake na mkewe, kwa sababu alipoinua kichwa Elinah alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili na amenyamaza, sindano ikining'inia kwenye turubai... na sasa ni wiki saba, na kidole cha Odeke kiko palepale, kidole kinene chenye pete ya shaba, kinaupapasa mshono uleule kutoka juu hadi chini, na Odeke anauliza, "Mwalimu, hapa nani nashona?"

"Mke wangu."

"Mke nashona turubai? Basi gari wewe baki nayo, mimi nachukua mke," na Odeke akacheka kwa tumbo lote, akapiga boneti kofi kama anayepiga mgongo wa ng'ombe mnadani, Odeke ni mtu wa ng'ambo, upande wa Kenya, ananunua pamba na ngozi, hajui, na kumweleza kungetaka sentensi ambayo mpaka leo Bartholomew hajaitunga, ameshatunga nyingine zote, ameandika barua kumi na moja za kujibu rambirambi, kila moja aya mbili, kila moja na tarehe juu kulia, lakini ile sentensi fupi ya kumwambia mtu anayecheka mbele yako, hiyo hana, kwa hiyo alitazama mbele kupitia kioo, jabali la Tororo lilikuwa mbali, dogo, la buluu kidogo, na karibu zaidi, hapa kituoni jirani na kwao Elinah, palikuwa na pampu ya petroli ya Mhindi na barazani kwa Mhindi magunia ya chumvi, na mwisho wa baraza, juu ya gunia tupu lililokunjwa, mwanamke mzee ameketi akiupa barabara mgongo, na Bartholomew aliujua mgongo ule kabla hajajua kwamba anautazama, akayashusha macho haraka kwenye usukani... ndiye, Mama Apolot, mama yake Elinah, na mgongo ule haukugeuzwa kwa hasira, umegeuzwa kwa heshima, mkwe ameonekana, mama wa mke anageuka, ndivyo ilivyo kwa Wateso, kabila la Mama, na kwa Wajopadhola, kabila lake yeye, pia haiko mbali na hivyo, na kama angeweza angeliondoa gari wakati uleule na kulipeleka nyuma ya ghala ili mama wa watu apumzike shingo, lakini hawezi, gari limetoka Tororo bila kupumzika, injini ni moto, na injini hii ikiwa moto haiwaki, hilo lilikuwa jambo la kwanza kabisa aliloambiwa juu yake.

Aliambiwa na yule mhandisi Mwingereza wa kiwanda cha saruji, siku aliyolichukua, mzungu mwembamba aliyekuwa akifunga masanduku ya kwenda kwao, alimwonyesha kila kitu kwa subira kama anayemkabidhi mtu mgonjwa, gia ya pili huingia kwa kukanyaga klachi mara mbili, milango hufunguka kinyume, kutoka mbele kwenda nyuma, basi usiufungue gari likienda, kifuta mvua ni kimoja tu na ni chako wewe dereva, abiria atakuamini, na injini, Bwana Ofumbi, asubuhi itawaka kwa mzunguko mmoja wa hendeli kama malaika, lakini ikishapata moto usiiache isimame, ikikosa mwendo inakufa yenyewe, na ikifa utangoja dakika ishirini, si kumi na tano, nimepima... na Bartholomew alipenda neno lile, nimepima, yeye mtu wa hesabu, mwalimu wa hesabu mwenye karatasi ya Makerere ukutani, aliona kwamba hapa kuna mashine mbovu lakini yenye ubovu unaojulikana, na kitu ambacho ubovu wake unajulikana mtu anaweza kuishi nacho, ndivyo alivyofikiri, alifikiri hivyo kweli, akaketi kwa mara ya kwanza kwenye kiti kile cha ngozi iliyopasuka, chini sana, karibu na ardhi, hata alipofika barabarani aliona magurudumu ya malori yakimpita usawa wa sikio, na upepo ukamwingia katika mikono ya shati, na harufu ya petroli na ngozi ya zamani na vumbi la moto ikampanda kichwani, na alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na gari lilikuwa na miaka kumi na tisa, lilitengenezwa mwaka mmoja kabla ya vita vya pili vya dunia, na alikuwa amelitaka gari la namna hii tangu alipokuwa mwanafunzi Kampala na kuliona moja likipanda mlima wa chuo jioni, mhadhiri ndani yake na kofia yake, na viti viwili tu, hiyo ndiyo iliyompendeza wakati ule, viti viwili tu, kana kwamba waliolitengeneza walijua ni watu wangapi wanaotosha duniani.

Watoto wa shule walilipa jina siku ya pili, Kiatu, kwa sababu ya pua ndefu na kisigino kifupi, Mwalimu amekuja na Kiatu, Mwalimu amevaa Kiatu, na walimu wenzake wakalichukua jina, na Elinah, mumewe alipolipeleka mara ya kwanza kwao kumwonyesha, kwa sababu Elinah alikuwa ameshakwenda kwa mama yake kungojea kujifungua, alilizunguka taratibu mkono kiunoni, tumbo mbele, akalitazama kama mtu anayekagua mbuzi aliyeambiwa ni ng'ombe, akasema, "Bartholomew, umenunua gari la watu wawili na sisi mwezi ujao ni watatu," naye alikuwa na jibu, alikuwa amelifanyia hesabu njiani, mtoto hukaa mapajani mpaka miaka minne, na baada ya miaka minne mwalimu huongezewa mshahara, na Elinah akasema, "Na wa pili?" naye akaanza kuhesabu upya kwa vidole, na Elinah akacheka mpaka akalazimika kuegemea boneti, akaruka kando kwa kuwa ilikuwa moto, akacheka tena... siku kumi na moja, ndizo alizokuwa nalo kabla ya siku ile, na katika siku kumi na moja alijifunza kwamba breki huvuta kushoto, kwamba ukikanyaga mafuta kwenye mteremko baada ya daraja hutoa sauti kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuimba, kwamba mtu hawezi kuendesha gari hili na kuwa na huzuni kwa wakati mmoja, aliliandika hilo hasa katika daftari, maneno hayohayo, na daftari liko nyumbani Tororo mezani na hajalifunika wala kulifungua.

"Mwalimu," anasema Odeke, kichwa chake kimezama chini ya boneti, "hii nakunywa petroli namna gani? Kama mzee nakunywa pombe, ama kama paroko?"

"Kama paroko."

"Aa, paroko nakunywa pia, ni kwamba nafunga mlango," na kicheko kingine, na Bartholomew alisikia kitu kama tabasamu kikimjia upande mmoja wa mdomo, akakiona ni aibu, akakifuta, kwa sababu mgongo ule uko pale, hatua thelathini, labda thelathini na mbili, na masikio yake Mama Apolot ni mazuri, ni mkunga, amesikiliza matumbo ya nusu ya tarafa kwa sikio tupu, atakuwa anasikia kila neno, atakuwa anajua kwamba gari linauzwa... na kwa nini asiliuze, alifikiri, mtu hawezi kukaa nalo, kila akikaa kwenye kiti cha dereva kile kingine kiko pale kushoto, kikavu, amekiosha mara tatu kwa sabuni na mara moja kwa mafuta ya taa na ngozi imekuwa nyeusi lakini kwenye mshono wa pembeni, ndani, pale ambapo uzi unaingia, bado, na Odeke akiinama sana atapaona, na akipaona atauliza, "Mwalimu, hapa nini namwagika?" na hapo itatakiwa ile sentensi.

Siku ile Mama alitoka nyumbani mbio aliposikia Bartholomew akimwita Elinah kwa sauti, hilo alikumbuka, alitoka akiwa amefunika uso kwa khanga kwa sababu mkwe yuko pale, akimfikia binti yake kwa pembeni kama mtu anayekwepa jua, akampapasa tumbo, akatazama chini, miguuni, ardhini palipokuwa panalowa damu, akapitisha maneno kwa Amuge, msichana wa jirani, ili asiseme na mkwe moja kwa moja, "Mwambie, Tororo, sasa hivi, asingoje kitu," na Amuge akageuka na kumwambia yeye aliyesimama hatua mbili, "Mama anasema Tororo sasa hivi," kana kwamba maneno yale yametoka nchi nyingine, naye alikuwa ameshazungusha hendeli, mzunguko mmoja, malaika, na alikuwa ameshaketi, mkono kwenye gia, na wanawake wawili wakamwingiza Elinah kwenye kile kiti, wakamwegemeza, kichwa chake kikaanguka upande wa mlango, na Mama akabaki ameushika mlango, ameushika tu, hakuufunga... hapa ndipo Bartholomew hurudi kila siku, saa za kufundisha na saa za kula, hapa, mlango wazi, injini inanguruma, Mama ameshika mlango na macho yake yako chini na khanga iko usoni, na anapumua, mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa sababu yeye anajua la kufanya, anajua mwanamke anayetoka damu hapaswi kuketi, anapaswa kulala, miguu juu, na tumbo likandamizwe hapa na hapa, ameshawafanyia wengine na wako hai wanalima, na anangoja, na Bartholomew alijua anachongoja, hawezi kusema hakujua, alikuwa anangoja neno moja, Ingia, na neno lile alikuwa nalo mdomoni, na palepale akaliona lingefanya nini, Mama wa mkewe mapajani mwa binti yake au chini ya miguu yake, bega kwa bega na mkwe, kiwiko chake kikigonga paja la mama mkwe kila akiweka gia ya tatu, mbele ya Amuge, mbele ya majirani waliokuwa wakija wakikimbia kutoka kwenye mihogo, na nyuma ya viti, kibao cha mizigo, palikuwa na tairi la akiba na debe la petroli, aliligeuza hilo pia kichwani, inchi kumi na nne, haitoshi, na akaona kwamba kumwambia aingie ni kumvunjia heshima na kwamba Mama ni mkubwa, kama inawezekana ataingia mwenyewe... na Mama, anajua sasa, ana hakika sasa, Mama alikuwa akiona kwamba mkwe ndiye mwenye gari na ndiye msomi, kama inawezekana atasema mwenyewe, na basi wakaheshimiana, watu wawili wazima, kwa pumzi tatu, kisha Mama akaufunga mlango polepole sana, asimgonge binti yake begani, na Bartholomew akaweka gia ya kwanza.

Akakanyaga klachi mara mbili. Alifanya kila kitu sawasawa, hilo nalo linamchoma, hakukosea gia hata moja, na maili ya saba, kwenye karavati, kidaraja cha mtaro, lenye namba iliyofutika, kabla ya njia panda ya Iyolwa, Elinah akasema, "Simama," na akasema tena, "Simama kidogo, nilale," sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeomba maji, naye akasema, "Nikisimama haitawaka," na hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mkewe, nikisimama haitawaka, maelezo sahihi kabisa ya mashine, yaliyopimwa, na Elinah hakuomba tena, na Bartholomew akaendelea kuzungumza, sasa tumevuka mto, sasa ni maili kumi, naliona jabali Elinah, litazame, akiendesha kwa mkono mmoja na mkono mwingine juu ya goti la Elinah, na mkono ulipaswa kurudi kwenye gia, na kurudi gotini, na kwenye gia, na mtu aliyekuja kufungua mlango mjini, mbele ya hospitali, alimtazama yeye badala ya kumtazama Elinah, na hapo akajua, lakini hajui ni wapi, kati ya karavati na mji ni maili kumi na tatu, anajua alipoomba na anajua walipofika, na mahali fulani katikati, akiwa anasema habari za jabali, alikuwa peke yake garini na hakujua, na mtoto hakutoka, wakazikwa pamoja Paya kwao Bartholomew, na Mama Apolot alikuja kwa miguu akafika udongo umeshasawazishwa, akasimama nje, ukingoni mwa shamba, mgongo kwa boma, kwa kuwa mama mkwe haingii katika boma la mkwe bila kuitwa, na katika watu wale wote hakuna aliyekumbuka kumwita, na jioni hakuonekana tena.

Odeke amekwenda kwa Mhindi kutafuta kiberiti, amesema anarudi, na bati la boneti likatoa mlio mdogo wa kupoa, tik, tik, na Bartholomew akatazama saa, dakika kumi na mbili, bado nane, na akaona kupitia kioo cha mbele Odeke amesimama barazani na mgongo ule unasema naye, kichwa kikitikisika kidogo, na Odeke akaondoa kofia, na hapo Bartholomew akajua kwamba sentensi yake imesemwa na mwingine, fupi, bila shida, na Odeke akarudi akitembea tofauti, kofia mkononi, kiberiti kimesahauliwa.

"Mwalimu. Mimi sijajua."

"Najua hukujua, bwana."

"Mimi nacheka hapa kama mjinga. Mke, mke." Akavaa kofia, akaivua tena. "Ule mama nasema yeye nakwenda Paya, kaburi kuona. Basi ya abiria leo hapana, nakufa Malaba, akseli. Nasema leo nalala hapa kwa Amoit, ndugu yake, kesho alfajiri nakwenda kwa miguu. Mimi nasema, mama, mkwe yako iko hapa na gari, kiti moja tupu. Yeye nasema..." Odeke akakuna shingo. "Yeye nasema, 'Hiyo kiti iko karibu mno.'"

"Ndivyo alivyosema?"

"Hivyo tu. Na yeye nauliza mimi, gari nauzwa? Mimi nasema ndiyo. Yeye nafunga khanga vizuri. Halafu nasema, 'Ni gari nzuri. Binti yangu nacheka sana na hiyo gari.'"

Kiti kiko karibu mno... na hakukuwa na lawama ndani yake, Bartholomew aliigeuza huku na huku akiitafuta lawama kama anayetafuta kosa katika daftari la mwanafunzi mzuri, hakuipata, ni kipimo tu, ni sahihi, kati ya kiti na kiti ni inchi nne na ndani ya inchi nne hizo gia inapita, mwanamke mzee amepima kwa jicho moja, mara moja, siku ileile, akiwa ameshika mlango, na amekuwa akikijua kipimo hicho wiki saba kama yeye, na maili ishirini na tano mpaka Paya kwa miguu kwa mwanamke wa umri ule ni siku mbili, atalala Iyolwa njiani, na atapita kwenye karavati lile bila kujua kwamba ni lenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, hakuna mwingine anayejua... na Odeke, ambaye hajui afanye nini na aibu yake, amefanya kile wafanyabiashara wote hufanya, amerudi kwenye bidhaa, amepiga magoti upande wa kushoto, amefungua ule mlango unaofunguka kinyume, kichwa kiko chini ya kiti, anakohoa vumbi, anazungumza kwa sauti ya chini sasa, sauti ya matangani, "Mwalimu, pole sana, lakini mimi naona, kama mimi nanunua, hii kiti mimi natoa. Mimi hapana taka watu, mimi nataka ngozi kubeba. Nati nne tu. Moja, mbili, tatu... ine hii hapa. Leta spana."

"Unasema nini?"

"Kiti. Natoka. Nati nne, dakika tano. Chini ni mbao safi kama nyumbani, hapa natandika gunia, mtu nalala hapa mguu nyoosha."

Bartholomew hakusikia yaliyofuata, au aliyasikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani, aliinama taratibu upande wake, kichwa chake kikapita chini ya usukani, na akaziona, hajawahi kuziona, siku kumi na moja na wiki saba hajawahi kuinama kutazama chini ya kiti, nati nne zenye kutu kidogo, kila pembe moja, za kipimo kilekile cha spana aliyofungia kioo cha pembeni asubuhi ya siku ile, spana ambayo wakati ule, wakati Mama ameshika mlango, ilikuwa mfukoni mwa suruali yake, nyuma, alikuwa ameikalia, aliisikia ikimwuma kiunoni njia nzima... dakika tano, tuseme sita kwa mtu anayetetemeka, Amuge angezipokea nati mkononi, kiti kingetupwa majanini, na mkeka ulikuwepo, mkeka ambao Elinah alikuwa ameukalia kivulini mwa gari kabla ya kuinuka kushona, hatua moja, ungetandikwa juu ya mbao, na Elinah angelala, nilale, ndivyo alivyosema, simama kidogo nilale, angekuwa ameshalala, na Mama angeketi chini kwenye mkeka vilevile anavyoketi nyumbani kila siku ya maisha yake, chini kuliko mkwe, mgongo kwa mkwe, uso kwa binti yake, mikono yote miwili mahali inapopajua, na hakuna aliye karibu mno na yeyote, hakuna heshima iliyovunjika hata kwa unywele, na wala hapakuhitajika karatasi ya ukutani, mnunuzi wa ngozi ameona kwa kupiga magoti... na labda angekufa vilevile, alijilazimisha kulifikiri hilo pia, kwa haki, damu ilikuwa nyingi na maili ni ishirini, labda, lakini angekufa amelala, kichwa mapajani mwa mama yake, na Mama angesema, Sasa, na mahali pangejulikana. Wiki saba amekuwa akijiambia kwamba palikuwa na njia mbili, kumvunjia mama mkwe heshima au kumwacha, na kwamba alichagua kama mtu wa adabu, huzuni yake yote ameijenga juu ya njia mbili hizo, na zilikuwa tatu, na ya tatu ilikuwa mfukoni mwake.

"Mwalimu? Spana iko?"

"Ipo," alisema, na hakuitoa. Saa ilionyesha dakika ishirini na moja. Injini imepoa, angeweza kuondoka sasa, na hakuondoka, mikono yake ilikuwa juu ya usukani, mmoja kila upande, na Odeke alikuwa bado amepiga magoti kwenye vumbi mkono umenyooshwa juu, ukingoja spana, na kuku wa Mhindi alipita kati ya pampu na gari, na barazani mgongo ule haukusogea, na jabali la Tororo lilikuwa pale lilipokuwa, na Bartholomew akafikiri, bila faraja yoyote, kama mtu anayesoma jibu mwisho wa kitabu baada ya mtihani kukusanywa, kwamba gari hili hajawahi kulijua, alijua breki na gia na sauti yake ya mteremko, akaandika daftarini, na chini yake hakutazama... "Siliuzi leo, bwana Odeke," akasema. "Unisamehe." Na Odeke akaushusha mkono, akajipangusa magoti, akamtazama, akatazama barazani, akasema tu, "Haya, Mwalimu. Haya."

Asubuhi yake, kabla jua halijapanda juu ya maghala, gari lilikuwa nje ya nyumba ya Amoit, na Bartholomew alikuwa amelala kifudifudi kwenye umande na spana mkononi. Nati tatu zilitoka kwa urahisi. Ya nne ilikuwa na kutu, ikamchubua kidole. Alipima: dakika saba. Alikibeba kiti kwa mikono miwili, akakiegemeza ukutani kwa Amoit, ngozi iliyoharibika ikiwa upande wa ukuta, kisha akatandika mkeka aliokuja nao juu ya mbao, akaufungua mlango, akaenda kusimama mbele ya gari, mgongo kwa nyumba.

Alisikia mlango wa nyumba. Alisikia hatua zikisimama kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, akiiambia barabara. "Ingia."

Hakuna aliyejibu. Kisha gari likainama kidogo upande wa kushoto. Alipokwisha kuzungusha hendeli na kuketi aliona mgongo tu, umenyooka, chini kabisa kuliko kiti chake, uso kuelekea mlangoni, na mkono mmoja umewekwa wazi juu ya mkeka mahali ambapo kiti kilikuwa.

Bartholomew aliendesha maili saba. Kwenye karavati lenye namba iliyofutika Bartholomew aliondoa mguu kwenye mafuta, na gari likaenda polepole, likaanza kutetemeka kama linavyofanya likikosa mwendo.

"Ni hapa?" Mama Apolot akauliza, uso ukielekea nyasi za kando.

"Hapa ndipo aliponiomba nisimame, Mama. Sikusimama."

Akaizima injini mwenyewe, kabla haijafa, na wakakaa pale, yeye akitazama mbele na Mama akitazama mtaro, dakika ishirini.